Mishipa ya moyo imebana lakini hali imetulia: uanze na dawa au ukawekwe stenti? Mwongozo kamili kwa sie wa Kusini

Mwaka juzi msimu wa korosho umepamba moto, mjomba angu wa Newala akanipigia simu saa nne usiku, na mjomba hapigagi simu usiku hata siku moja, akaniambia mwanangu nitafutie mteja wa shamba, lile la bondeni, mikorosho yote. Nkajua hapa kuna jambo. Kumbe yuko Dar kwa mwanae, kaenda kupima hospitali moja huko, kaambiwa mishipa miwili ya moyo imebana, awekwe stenti, kile kibomba kidogo cha wavu wa chuma cha kutanua mshipa, ndani ya wiki hiyohiyo la sivyo asije kumlaumu mtu. Na ukimuuliza anajisikiaje anakwambia nikipanda kilima kifua kinabana, nikisimama kinaachia, na hali hiyo anayo mwaka na zaidi, haijaongezeka haijapungua.

Mi nina duka la dawa hapa Mtwara mjini, sio daktari, ila wagonjwa wa moyo na presha nawahudumia kila siku na nimesindikiza ndugu na majirani kwenye safari hizi za Dar mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Shamba la mjomba halikuuzwa. Naandika hapa tulivyofanya hatua kwa hatua, mana nimeona watu wengi wanauza mali kwa haraka ambayo haikuwepo, na wengine kinyume chake, wanakaa na maumivu miaka mitano wakati mtu angezibuliwa na kurudi sokoni kwake vizuri tu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli hali imetulia

Mwongozo huu wote ni wa mtu ambaye ugonjwa wake umetulia. Kutulia maana yake kifua kinabana pale unapofanya kazi tu, unalima, unapanda ngazi, unabeba ndoo, umekasirika sana, afu ukipumzika dakika chache kinaachia, na kwa miezi kadhaa kiasi cha kazi kinacholeta maumivu ni kilekile. Kubana huko wengine wanasema uzito, wengine kama kuna mtu kakalia kifua, wengine yanapanda kwenye taya au mkono wa kushoto. Kina mama na wenye sukari wengine hawasikii maumivu kabisa, wanahema tu au wanachoka kupita kiasi, wao na ndugu zao wanasingizia uzee.

Kama maumivu yameanza juzi tu, au yanakuja umekaa, au yanakuamsha usiku, au zamani ulikuwa unafika gengeni sasa hivi huvuki hata uwanja wa nyumba, hapo hujatulia, acha kusoma nenda hospitali leo. Na kama kifua kimebana zaidi ya dakika kumi hakiachii, unatoka jasho la baridi, unataka kutapika, hiyo ni dharura: tafuna aspirini ya miligramu 300 (zile ndogo za 75 ni nne), kama huna aleji nayo wala hutoki damu mahali, usimeze nzima, tafuna, na mtu akupeleke Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, kama uko Lindi mjini nenda Sokoine, kama uko Masasi Ndanda iko karibu, Nyangao kwa wa upande huo. Usijiendeshe mwenyewe pikipiki. Wenye shambulio la moyo linaloendelea stenti inawaokoa maisha kabisa, hilo halina ubishi, ila hiyo ni habari nyingine na watu wanaichanganya na hii yetu kila siku.

Hatua ya pili: jua una ugonjwa gani

Mtu anakuja dukani anasema nna moyo. Moyo upi? Valvu zilizoharibika tangu utotoni, moyo uliotanuka kwa presha ya miaka mingi, moyo kuruka mapigo, na mishipa inayoulisha moyo damu kubana, hivi vyote ni vitu tofauti na tiba zake tofauti. Hapa tunaongelea mishipa tu.

Vipimo vya kuanzia vinapatikana hukuhuku: ECG, ile ya kubandika waya kifuani, afu eko, yaani utrasaundi ya moyo, inayokwambia moyo unasukuma damu asilimia ngapi. Namba hiyo iandike, utaihitaji mbele. Wa kawaida ni kama 55 na kuendelea, ukiwa 35 au chini yake mambo yanabadilika. Damu wapime sukari, kolesteroli yenye mchanganuo, figo, na wingi wa damu. Hiki cha mwisho watu wanakidharau, ila kwa mazingira yetu ya malaria na minyoo mtu anaweza kuwa na damu 7, moyo unahangaika kusambaza hewa, kifua kinabana, ukiongezewa damu na kutibiwa chanzo maumivu yanaweza kupungua. Kuna bibi mmoja jirani zangu ilikuwa hivo hivo.

Baada ya hapo ndo kuna vipimo vya kuona kama mishipa kweli imebana: kutembea kwenye mashine huku umefungwa waya, picha ya CT ya mishipa ya moyo, na cha mwisho anjiogramu, wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja wanamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei. Cha kujua hapa ni kwamba anjiogramu ni kipimo, sio tiba, japo inafanyika kwenye chumba kilekile cha kuwekea stenti, na kishawishi cha "tukiwa humu humu tumalize" ni kikubwa. Kabla hujaingia sema wazi kama umekubali kipimo tu au umekubali na stenti. Una haki ya kusema nataka kwanza kutoka, nione picha, tuongee.

Hatua ya tatu: elewa stenti inafanya nini na haifanyi nini

Hapa nakaa kidogo mana ndo kiini chenyewe.

Wengi tunafikiri mshipa wa moyo ni kama bomba la maji, uchafu unajaa taratibu, siku moja linaziba kabisa unakufa, kwahiyo ukizibua umepona. Mi nilikuwa naamini hivo mpaka daktari mmoja aliponieleza kwa mfano wa jipu. Mafuta yanajikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, sio kwenye njia, yanakuwa kama jipu lenye ngozi juu. Kuna jipu kubwa gumu la siku nyingi, limebana njia, hilo ndo linakuletea maumivu ukipanda kilima. Na kuna vijipu vidogo laini vyenye ngozi nyepesi, havibani chochote, husikii chochote, siku kimoja kikipasuka damu inaganda pale juu dakika chache mshipa unaziba, hilo ndo shambulio la moyo. Stenti inatanua pale pale ilipowekwa, sentimita mbili tatu. Vijipu vingine vyote vimebaki. Kinachotuliza vijipu vyote mwili mzima, kikakaza ngozi yake na kuzuia damu isigande, ni vidonge, presha kushuka, na sigara kuachwa.

Na hili sio maneno ya dukani. Mwaka 2007 ulitoka utafiti unaitwa COURAGE, Marekani na Kanada, watu 2,287 wenye ugonjwa uliotulia, nusu wakapewa dawa pamoja na stenti, nusu dawa peke yake, wakafuatiliwa miaka kama minne na nusu: vifo na mashambulio ya moyo havikutofautiana. Watu wakabisha, wakasema waliochukuliwa hawakuwa wagonjwa vya kutosha. Basi ukafanyika mwingine mkubwa zaidi, ISCHEMIA, ukachapishwa 2020, watu 5,179 kutoka nchi 37, na safari hii walichukua wale ambao vipimo vyao vilionyesha moyo unakosa damu kwa kiasi cha kati mpaka kikubwa. Upande mmoja walipelekwa anjiogramu na kuzibuliwa au kupasuliwa mapema, upande mwingine wakaanza na dawa, wakabaki na ruhusa ya kuzibuliwa dawa zikishindwa. Waliokufa upande wa kuzibuliwa 145, upande wa dawa 144. Soma tena hizo namba.

Ndani yake kuna jambo ambalo wanaopinga stenti hawapendi kulisema: waliozibuliwa walipata mashambulio zaidi mwanzoni, yanayotokana na kazi yenyewe ya kuzibua, afu miaka ya baadaye wakapata machache kuliko wenzao. Ila vifo, kama nilivyosema, sawa.

Sasa upande wa maumivu. Hapa stenti ina haki yake na tumpe. Kwenye utafiti huohuo, kwa waliokuwa wanabanwa kila siku au kila wiki, baada ya mwaka mmoja nusu ya waliozibuliwa walikuwa hawana maumivu kabisa, wakati wa dawa tupu ni kama watu 20 kati ya 100. Ambaye hakuwa na maumivu tangu mwanzo hakupata faida ya maana, utamwondolea nini ambacho hana? Waingereza wakaenda mbali zaidi, wakafanya jaribio la watu 200 likatoka 2017, wote wamelazwa mezani wamelegezwa na dawa za usingizi, wengine wakawekwa stenti kweli wengine wakafanyiwa maigizo tu bila kujua, na wote walikuwa wameshapewa dawa vizuri. Muda wa kutembea kwenye mashine haukutofautiana kiasi cha kuhesabika. Afu 2023 wakarudia na watu 301 ila sasa bila dawa za maumivu ya kifua, hapo stenti ikashinda waziwazi, wasio na maumivu wakawa 40 kwa 100 dhidi ya 15.

Kwahiyo mi nikimweleza mteja nasema hivi: vidonge ni kwa ajili ya uhai wako, na hivyo utameza uwekewe stenti usiwekewe. Stenti ni kwa ajili ya kifua kinachobana. Swali lako sio "dawa au stenti", swali ni "dawa peke yake, au dawa pamoja na stenti", na linajibiwa na kifua chako sio na picha. Isipokuwa kwa wale wa hatua inayofuata.

Hatua ya nne: angalia kama uko kwenye kundi la kuwahi

Watu wa kundi hili hawakuingizwa kabisa kwenye ISCHEMIA kwahiyo usiwadanganye kwa namba zile za juu. Kwanza aliyebanwa kwenye shina la mshipa wa kushoto, pale kabla haujagawanyika, mana shina likiziba sehemu kubwa ya moyo inakosa damu kwa mpigo mmoja. Pili moyo unaosukuma chini ya asilimia 35, au unaojaza maji mapafuni mara kwa mara. Tatu aliyepata shambulio la moyo karibuni. Nne aliyemeza dawa zote sawasawa na bado kifua hakimpi nafasi ya kuishi.

Wa kuongezea hapo ni mwenye sukari ambaye mishipa mitatu yote imebana. Huyu akihitaji kuzibuliwa, mara nyingi upasuaji wa baipasi ndo unampa miaka mingi kuliko stenti, wanachukua mshipa wa kifuani au mguuni wanautumia kama njia ya mchepuko. Utafiti wa FREEDOM wa 2012 ulionyesha hilo. Ni upasuaji mkubwa, kifua kinafunguliwa, unakaa miezi miwili mitatu hujabeba kitu kizito, ila ukiambiwa una sukari na mishipa mitatu, afu mtu anakupa stenti nne tano bila hata kulitaja neno baipasi, uliza kwanini.

Mjomba yeye shina lake lilikuwa zima, moyo unasukuma 58, sukari hana. Hakuwa kwenye kundi hili hata kidogo. Wiki moja aliyopewa ilitoka wapi sijui mpaka leo.

Hatua ya tano: zipe dawa nafasi ya kweli

Sio nafasi ya kisiasa. Naona mtu anasema dawa zimenishinda, nikimuuliza alikuwa anameza nini ananitajia aspirini, afu alikuwa anameza akisikia maumivu. Hiyo sio dawa kushindwa.

Daktari ndo atapanga dozi, mi nakupa ramani tu ujue kila kidonge kimekuja kufanya nini. Aspirini ndogo, 75 au 100, kila siku baada ya kula, kuzuia damu kuganda. Statini, mfano atovastatini, ya kushusha kolesteroli na kutuliza vile vijipu, na hii ndo watu wanaiacha ya kwanza kwa sababu "haifanyi kitu", huisikii ikifanya kazi, ni kweli, hata kitasa cha mlango hukisikii mpaka mwizi aje. Kolesteroli mbaya kwa mwenye ugonjwa huu wanataka iwe chini ya miligramu 70, wengine chini ya 55. Misuli ikiuma sana rudi useme, usiache kimyakimya. Afu kuna za kupunguza kazi ya moyo, bisoprolo au atenolo, zinafanya mapigo yaende taratibu, hizi usiache ghafla hata kama unajisikia kuchoka, kifua kinaweza kurudi kwa hasira. Amlodipini inashusha presha na kulegeza mishipa, miguu inaweza kuvimba. Enalaprili au lisinoprili ukipata kikohozi kikavu kisichoisha waambie, watakubadilishia losatani. Presha lengo ni kama 130 kwa 80 au chini kidogo.

Kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, au cha kupuliza, kundi lake linaitwa nitrati, hicho unakaa chini kwanza ndo unakitumia, kinashusha presha unaweza kuanguka. Kichwa kitagonga, kawaida. Kihifadhi kwenye kichupa chake kimefungwa, joto letu hili la Mtwara na mfuko wa shati siku nzima juani kinakuwa chaki tupu.

Na hapa kina baba nisikilizeni vizuri, naongea kama dada yenu mwenye duka. Ukiwa unatumia dawa hizo za nitrati, za chini ya ulimi au zile za kumeza za aina hiyo, usiguse dawa za nguvu za kiume, presha inaanguka mtu anapoteza maisha. Vumbi la Kongo na poda zinazouzwa stendi pia acha, hujui ndani kuna nini, na duniani poda za namna hiyo zimeshakutwa mara nyingi zimechanganywa na dawa hizohizo za hospitali. Mwambie daktari ukweli, hashangai. Lingine ni diklofenaki, watu wa shamba mgongo ukiuma ndo kimbilio, kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo inaongeza hatari, na ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini kufanya kazi yake. Omba paracetamol.

Vidonge bila maisha kubadilika ni nusu ya kazi. Sigara na ugoro viondoke, sigara hasa, hakuna kidonge kinachoshindana na kuacha sigara. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima ya mtu mzima na hapo hesabu chumvi iliyoko kwenye samaki mkavu wa kukaushwa kwa chumvi, ambaye kwetu ndo mboga. Ming'oko haina shida, muhogo hauna shida, shida ni nazi nzito kila mlo na chipsi za mafuta yaliyochemka wiki nzima. Pombe ya mabibo wakati wa msimu, mnanielewa. Kutembea nusu saa kila siku mpaka utoke jasho kidogo, unaishia kabla kifua hakijabana, unaongeza taratibu kila wiki. Mjomba alipewa kutoka nyumbani mpaka chama cha msingi na kurudi.

Muda wa kuzipa dawa nafasi ni kama miezi mitatu, na katikati umerudi kliniki dozi zikapandishwa.

Hatua ya sita: weka daftari

Daftari la shilingi chache tu la mtoto wa shule. Kila siku andika: nimebanwa mara ngapi, nikifanya nini, dakika ngapi, nimetumia kidonge cha ulimi au la, presha kama una kipimo. Daftari la mjomba wiki ya kwanza lilikuwa na mabano tisa, yaani kabanwa mara tisa, wiki ya kumi na mbili moja, na hilo moja alikuwa anagombana na watu wa mizani. Mama mmoja wa Mikindani, muuza samaki, daftari lake lilikuwa tofauti, wiki ya kwanza kumi na moja, wiki ya kumi na mbili nane, na dawa alikuwa anameza zote nilimhesabia mwenyewe vidonge. Huyo ndo mtu wa stenti. Alienda, kawekwa moja, kesho yake kutoka, baada ya wiki chache akawa anapandisha beseni kichwani kama zamani. Ugonjwa uleule, majibu mawili, na yote sahihi.

Hatua ya saba: maswali ya kwenda nayo, na rai ya pili (maoni ya daktari mwingine)

Nenda na mtu wa kusikiliza, mana ukiwa mgonjwa unasikia neno moja tu unalibeba mpaka nyumbani. Andika: shina la kushoto liko zima? Moyo unasukuma asilimia ngapi? Hii kazi mnayotaka kunifanyia itaniongezea miaka au itaniondolea maumivu? Nikianza na dawa miezi mitatu nahatarisha nini? Stenti ngapi, na baada ya hapo dawa mbili za kuzuia damu kuganda nitameza muda gani? Figo zangu zitahimili ile dawa ya picha? Na hatari ya kazi yenyewe kwa mtu kama mimi ni kiasi gani, kutoka damu, kiharusi, figo, kifo. Kwa mtu aliyetulia mambo makubwa ni nadra ila sio sifuri, na aliyekwambia ni sifuri kakudanganya.

Omba nakala ya picha na ripoti, ni zako. Kwa rai ya pili kwenye hospitali za umma kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma nao wana mtambo wa kuzibulia. Tulipompeleka mjomba kwa rai ya pili, daktari aliziangalia picha, akasoma karatasi ya eko, akamuuliza mzee unabanwa ukifanya nini, akamuuliza dawa gani unameza. Hakuwa anameza hata moja. Yaani mtu kaambiwa atoe mamilioni ya stenti, aspirini hajaandikiwa.

Hatua ya nane: pesa, njia, na kikao cha ndugu

Kama una bima, piga hesabu kabla ya safari: wapigie au nenda ofisini kwao uulize kama kifurushi chako kinalipia anjiogramu na stenti, na kama barua ya rufaa lazima ianzie hospitali ya mkoa. Asiye na bima aombe bei kwa maandishi, itaje kipimo peke yake, stenti moja, stenti ya pili, siku za kulala, na dawa. Ongeza nauli ya watu wawili kwenda na kurudi mara mbili tatu, mana kuna kliniki za kurudi, na malazi. Kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 550.

Umbali huo unaleta hoja moja ambayo ndugu wanaitoa kila kikao na inasikika ina akili: "sie tuko mbali, barabara yenyewe Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga, bora awekwe kabisa mapema asije kuzidiwa huku." Ningeikubali kama stenti ingekuwa inazuia mtu asife. Rudi kwenye jipu: utaweka stenti kwenye lile kubwa, litakalopasuka linaweza kuwa dogo la jirani yake. Dawa ya umbali ni vidonge visivyokatika, aspirini nyumbani, na kujua nani ana gari mtaani. Na umbali una upande wa pili ambao hausemwi, aliyewekwa stenti akiishiwa dawa kijijini yuko hatarini kuliko asiyewekwa.

Kwetu mjomba ndo mwenye ukoo, kwahiyo kikao kilijaa watu ishirini na kila mtu ana daktari wake. Mi nashauri wakae watatu: mgonjwa mwenyewe, anayetoa pesa, na anayejua kusoma vyeti. Mgonjwa ndo aseme la mwisho. Kuna ambaye hawezi kulala akijua mshipa umebana, hata kama namba zinasema vingine, na kuna ambaye hataki kuguswa kabisa, wote wana haki ya kusikilizwa.

Hatua ya tisa: ukichagua stenti

Kabla ya kuwekwa sema kila upasuaji unaoutarajia. Kwetu huku nasemea busha na ngiri, na kung'oa meno. Baada ya stenti utameza aspirini pamoja na klopidogreli, kwa aliyetulia mara nyingi miezi sita, wengine mpaka mwaka, daktari ataamua. Kipindi hicho damu haigandi kirahisi, na ukizikatisha ili ukapasuliwe busha stenti inaweza kuganda ndani, na ikiganda ni shambulio la moyo kubwa. Kama busha linaweza kutangulia, litangulie.

Nunua klopidogreli ya miezi mitatu kabla hujatoka Dar, au hakikisha hapa unaipata wapi. Nilikuwa na mteja, baba wa makamo, amewekwa vizuri, mwezi wa pili dawa ikaisha, korosho hazijalipwa, akasema ntasubiri malipo yaingie. Wiki mbili tu. Nilikuwa na boksi zima kwenye shelfu, angeniambia ningemkopesha. Tangu hapo nina daftari la watu wa stenti, tarehe ya dawa kuisha, nawapigia mimi. Ukiwa na duka anzisha la kwako.

Ukichagua dawa peke yake

Kliniki kila miezi mitatu mwanzoni, afu sita. Kolesteroli irudiwe baada ya wiki sita mpaka nane za statini. Daftari liendelee. Na kuchagua dawa leo hakufungi mlango, kwenye ISCHEMIA kama mmoja kati ya watano walioanza na dawa alikuja kuzibuliwa ndani ya miaka minne, kwa sababu hali ilibadilika. Daftari likianza kupanda tena, mabano mawili kwa wiki yakawa matano, hapo unarudi kuongea upya, na ukibanwa umekaa, rudi juu kabisa kwenye hatua ya kwanza.

Mjomba juzi kapiga simu tena, saa nne usiku hiyohiyo. Nkashtuka. Anauliza atovastatini imebaki vidonge vinne, basi la asubuhi linapita saa ngapi nimtumie.